Tope la Murangi Ndani ya Kioo

Tope la ziwa lina harufu yake, na haifanani na ya tope lingine lolote. Tope la shambani linanuka mvua, la barabarani linanuka dizeli, lakini tope linalochotwa chini ya majani ya ziwani pale Murangi linanuka kama chuma kilicholowana, kikachanganyika na samaki wabichi na nyasi zilizofunikwa muda mrefu. Wengine hukunja pua. Mimi nikiisikia harufu hiyo moyo unacheka. Mimi ndiye mwenye karakana ya vioo na alumini hapa Bunda, ile yenye geti la bluu, na ukiona tangi la samaki lenye majani mabichi yanayocheza ndani ya maji katika hoteli yoyote kati ya hapa na Musoma, usiulize sana, huo ni mkono wangu. Shule niliishia darasa la nne. Sisemi kwa kujuta, nasema ili ujue kwamba nilichonacho nimekijenga kwa vidole hivi vyenye makovu ya vioo. Watu hununua matangi mazuri, wanapanda majani, halafu majani yanayeyuka kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni, ndipo simu yangu inaita: "Fundi, njoo utuokoe." Naenda, nawaokoa. Wakiniuliza nimejifunzia wapi nawaambia Kitaji, kwenye mgahawa wa shangazi yangu, msimu mmoja wa vuli ambao nusura unirudishe porini kuchunga ng'ombe.

Shangazi huyo anaitwa Nyangeta, dada wa baba yangu. Ukoo wetu ni watu wa ng'ombe wa Butiama, boma letu liko bondeni ukishuka kutoka Mwitongo, lakini baba alipomwoa mama alihamia kwao Murangi akawa mvuvi, na mimi nikazaliwa nikisikia mawimbi. Mkubwa wao, ambaye mimi namwita baba mkubwa Magige, alibaki Butiama na mifugo. Shangazi yeye alikwenda zake mjini Musoma akafungua mgahawa Kitaji, chumba kimoja chenye mabenchi ya mbao, jiko likiwa nyuma uani. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kufukuza mbuzi kutoka mtaa wa pili, na wali wake ulikuwa hausemeki. Shule iliponishinda, baba mkubwa alisema niende Butiama nikachunge. Shangazi akawahi. Alifika Murangi asubuhi, akanywa uji, akaondoka na mimi pamoja na kapu la dagaa.

Niliupenda mji kwa sababu ambayo sikumwambia mtu. Ukuta kwa ukuta na mgahawa wetu alikaa fundi wa vioo, na kutwa nzima nikiosha sahani nilikuwa nasikia kisu chake kikipita juu ya kioo, kriiii, halafu kimya kidogo, halafu tak! Kioo kimegawanyika sawasawa, bila damu wala vumbi. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Nilikuwa najiambia nikikaa hapa hapa, nikaosha sahani bila kuvunja hata moja, iko siku nitakishika kisu kile. Huko kwenye ng'ombe ningekisikia wapi? Kwa hiyo mtu akiniambia ilikuwa habari ya majani tu, namwangalia hivi. Ilikuwa habari ya maisha yangu yote.

Tangi lilikuja lenyewe. Mteja mmoja, mfanyakazi wa ofisi aliyekuwa anakula kwetu kila mchana, alipata uhamisho, na dereva wa lori lililobeba vyombo vyake akakataa katakata kupakia kioo juu ya magodoro. Yule bwana akalibeba mwenyewe kifuani mpaka kwetu, akaliweka juu ya meza, akamwambia shangazi, "Mama, umenilisha vizuri. Chukua hiki, kina ufa kidogo." Jirani yetu fundi akaziba ufa, na shangazi akalizunguka tangi lile kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari, akiligonga hapa, akilisukuma pale. Migahawa mingine ya Kitaji ilikuwa na maua ya plastiki yaliyoshika masizi. "Mimi nataka kitu kinachopumua," alisema. "Mtu akisubiri ugali wake aangalie kijani kibichi, roho itulie, asianze kunipigia kelele." Kazi ya kulitunza akanipa mimi, mtoto wa ziwani.

Tukayaleta majani toka Murangi. Yako ya namna mbili ambayo kila mtoto wa kule anayajua: yale marefu kama utepe wa kusukia nywele, na yale yenye manyoya kama mkia wa paka aliyeogopa. Shangazi akayaosha kama anavyoosha mchicha, akayasugua mizizi mpaka ikawa myeupe, kwa sababu kwake yeye hakuna kitu kilichoingia ndani bila kuoshwa. Chini tukatandaza mchanga wa wajenzi, juu tukajaza maji ya bomba yaliyokuwa yananuka dawa, tukaweka furu kadhaa, wale samaki wadogo wa rangi, na sato wawili kwa ajili ya heshima. Siku ya kwanza mgahawa ulijaa mpaka watu wakala wamesimama. Siku zilizofuata sato wakaanza kuchimbua mizizi kama nguruwe shambani, na wateja wakawa wanawarushia samaki matonge ya ugali. Ugali ukatuama chini. Majani yakaanza kuwa ya njano, kisha yakawa mepesi unaona vidole upande wa pili, kisha yakakatika yenyewe, yakaelea.

Wakati huo ndipo baba mkubwa alipokuja mjini kutafuta dawa ya kupe. Aliingia na fimbo yake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye kioo.

"Nyangeta," alisema, "hizo nyasi unamfugia nani? Ng'ombe wako wako wapi?"

"Ng'ombe wangu ni hawa wateja, kaka. Wanakula huku wanaangalia."

"Wanaangalia zinavyooza." Watu wakacheka, na yeye alipenda kuchekewa, akanigeukia. "Na wewe Wambura, ndiyo kazi uliyokimbilia? Mwanaume mzima unachunga nyasi? Kwetu nyasi hazichungwagi. Kinachochungwa ni kile kinachokula nyasi."

Mgahawa mzima ulilipuka. Mzee mmoja akapaliwa na mchuzi. Mimi nilitamani kuingia humo ndani ya tangi nikajifiche na furu. Shangazi akaweka mikono kiunoni, akasema majani yatapona na mtoto haendi popote. Baba mkubwa akagonga fimbo sakafuni.

"Basi tusibishane mbele za watu. Mvua za vuli zikikatika narudi. Nikikuta hayo majani yako yanaishi, mtoto abaki, simdai tena. Nikikuta yamekufa, naondoka naye na kilio chake."

"Na siku hiyo utakula hapa, usije na kisingizio cha tumbo."

"Nitakula."

"Imekwisha hiyo," alisema shangazi. Na kwetu, watoto wa baba mmoja wakisema imekwisha, hakuna wa kuja kufungua tena.

Hapo sasa lazima nikueleze desturi moja ya nyumbani, maana bila hiyo hutaelewa alichokifanya shangazi. Kwetu ng'ombe wakihamishwa kwenda boma jipya, hawapelekwi kwenye ardhi tupu. Samadi inachotwa katika boma la zamani, inamwagwa katika boma jipya, inatandazwa, ndipo ng'ombe wanaingizwa. Anayeingia akikuta harufu yake mwenyewe, analala. Asipoikuta anasimama macho, anakonda, na maziwa yanakauka. Shangazi alikuwa akiibeba samadi hiyo kichwani tangu akiwa msichana. Basi alikaa na majani yake yanayokufa, akawaza, akapiga paja. "Tumeyahamisha bila samadi!" alisema. Akaagiza Butiama, likaja gunia la samadi kutoka boma la babu mwenyewe, imekauka vizuri, nyeusi, safi kwa samadi. Akaitandaza chini ya mchanga kwa heshima zote, huku anaongea nayo Kizanaki.

Ndugu zangu, msijaribu. Maji yalianza kuwa ya rangi ya chai, halafu yakawa ya kijani kizito kama mlenda, na povu likapanda juu. Furu wakawa wanahema mdomo nje. Sato wakafa, nao walikuwa wameyataka. Harufu ndiyo ilikuwa balaa, kwa sababu wali wa nazi na boma la ng'ombe havikai chumba kimoja. Wateja wakawa wanaagiza chakula wakiwa mlangoni. "Mama, leo mchuzi umeumwaga kwenye kioo?" mmoja aliuliza. Mwingine akasema, "Hapana, anakamua humo." Shangazi alikuwa mtu wa kujibu, hakuacha neno likapita, lakini siku hiyo aliingia uani, akakaa juu ya kinu. Nikamfuata. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameinamisha kichwa. "Wambura," aliniambia, "labda kaka anasema kweli. Labda sisi ni wa ng'ombe tu, tukishika kingine kinatufia."

Tulilimwaga lile tangi, tukalisugua, likabaki tupu kama dirisha lililong'olewa. Nilikuwa nalifuta, huku upande wa pili wa ukuta kisu cha fundi kinapita kriiii, na nikawaza: ng'ombe analetewa samadi kwa sababu ni ya kwake. Ni yeye aliyeinya, anaijua. Sasa jani la ziwani limemjulia wapi ng'ombe wa Butiama? Boma la jani ni Murangi! Samadi yake ni lile tope lililolala miguuni pake. Nikakimbia uani nikamwambia shangazi. Yeye mpaka leo anasema alikuwa ameshaliwaza, mimi nilimkuta tu analitamka. Tumebishana habari hii miaka na miaka, mbele ya wajukuu, mbele ya mchungaji wa kanisa. Wazo lilikuwa langu. Lakini mguu ulikuwa wake, maana kabla sijamaliza kusema alikuwa ameshajifunga kanga ya pili na anatafuta ndoo.

Tulikwenda Murangi nyuma ya pikapu iliyokuwa inafuata dagaa. Safari hii hatukung'oa majani, tuliyachimba. Shangazi aliingia ziwani mpaka mapajani, akiwa na jembe la palizi, akawa anainua kila shina pamoja na bonge lake, kama mtu anayehamisha mche wa mgomba, na mimi napokea. Mizizi hatukuigusa. Tukajaza ndoo moja tope tupu, na madumu tukajaza maji ya pale pale majani yalipokuwa. Mama yangu alisimama ufukweni anashangaa. "Wifi, mjini hakuna tope?" Shangazi akamjibu, "Lipo, ila halina kwao." Tulirudi tumekumbatia ndoo, tumefunika majani kwa magunia mabichi yasipigwe na jua, na ile harufu niliyokwambia ikiwa imekaa katikati yetu kama abiria wa tatu. Mpaka tunafika Musoma ilikuwa imeingia kwenye nguo, kwenye nywele, na hapo ndipo mimi na hiyo harufu tulipokuwa marafiki.

Tope tukalitandaza chini, si nene, na juu yake mchanga wa ziwani wa kulifunika ili lisitibuke. Maji tukayamimina polepole juu ya sahani, yasichimbe. Ya bomba ya kuongezea tukayaacha kwanza kwenye ndoo wazi uani mpaka harufu ya dawa ikaisha. Tangi tukalisogeza karibu na mlango, lipate jua la asubuhi lakini lile kali la mchana lisilifikie, maana jua kali ndilo linaloleta ule mlenda wa kijani. Samaki hatukuwatia kwanza, mpaka majani yashike. Na kwa wateja shangazi akatoa sheria: atakayetupa tonge humo, atalifuata. Kumbe ndani ya tope walikuwemo konokono wadogo, wakaanza kupanda kioo na kukilamba usiku na mchana bila kuagizwa. Hata leo nikimpandia mtu tangi jipya, konokono ndio vibarua wangu wa kwanza.

Na pamoja na hayo yote, majani yakaanza tena kuwa ya njano. Vuli ilikuwa inakaribia kuisha, mvua zinakuja kwa kuruka ruka, na mimi kila nikiamka nakuta utepe mwingine umelainika. Shangazi akataka kuyang'oa yote tukalete mengine. Nilimshika mkono, mimi mtoto, nikamwambia tafadhali shangazi, ng'ombe aliyehamishwa si hukonda kwanza? Shangazi akavuta kiti mbele ya tangi, akachukua mkasi wa kukatia nguo, akawa anaondoa tu kile kilichokufa, taratibu, shina asiliguse. Mwanamke yule alikuwa na haraka kwa kila kitu duniani, alikuwa anameza chai ya moto ili asipoteze muda, lakini mbele ya kile kioo alijifunza kungoja, na mimi nilimwona akijifunza. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu siku hizo. Kisha asubuhi moja naleta kuni, nikasikia sauti ya kufukuza mbuzi: "Wambura! Njoo uone!" Katikati ya shina lililokuwa kama limeoza, kimetoka kitu kama ncha ya sindano, kijani cha kung'aa. Na pembeni, kwenye mchanga, mzizi ulikuwa umetambaa na kuinua mtoto wake mwenyewe.

Baba mkubwa alikuja ardhi imekauka, akiwa na fimbo na jozi ya raba mpya kwapani. Raba za kuchungia, saizi yangu. Alikuwa na uhakika kiasi hicho. Alisalimia watu, akavua kofia, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Majani ya utepe yalikuwa yamefika juu ya maji na kujilaza, furu wanapita katikati yake, na yale ya mkia wa paka yalikuwa yametoa vipovu vidogo vya hewa vinavyopanda kama soda. Hakucheka. Akakunja mkono wa shati, akauzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akashika shina moja na kulivuta. Shangazi akapiga hatua. Shina halikutoka. Akavuta tena kidogo, mchanga ukatikisika, shina likakaa.

"Limeshika," alisema, kwa sauti ya chini. "Mmefanyaje?"

"Tumelihamisha na samadi yake, kaka," shangazi akasema. "Ya kwake, siyo ya kwetu."

Baba mkubwa akatoa mkono, ukidondosha maji, akaunusa. Lile tope. Uso wake ukabadilika, akaanza kucheka, siyo kile kicheko cha kuwachekesha watu, kingine. "Nilikuwaga nabeba samadi mimi," aliniambia, "wakati babu yako anahama boma. Mdogo kuliko wewe. Inanidondokea mpaka kwenye macho, najiuliza hawa wazee wana akili kweli?" Akaketi, akaagiza ugali, akala wote. Zile raba akaniwekea juu ya benchi. "Vaa hapa hapa mjini. Ila usizikanyagie kioo." Na ndiyo, alikuwa amemsikia fundi wa jirani. Alikuwa ameniona ninavyogeuza kichwa kila kisu kinapopita. Tangu siku hiyo, kila akija Musoma, alilisalimia tangi kabla ya kusalimia watu.

Siku hizi mambo ni mepesi. Pampu za hewa zipo, taa za kuotesha majani zipo, mbolea za vidonge za kuchomeka kwenye mchanga zipo, na kijana anaweza kuagiza jani kwa simu likamfikia kwenye mfuko. Ninaviuza vyote, na ninaviuza vizuri. Lakini mteja akitaka nimpandie tangi jipya, bado nachukua ndoo, nakwenda Murangi mimi mwenyewe, na gari yangu ya leo, yenye viti vya ngozi, inanuka vile vile kama ile pikapu.

Mwaka juzi nilimhamisha shangazi. Amezeeka, mgahawa ameufunga, nikamjengea nyumba hapa Bunda nyuma ya kwangu, vigae mpaka chooni, madirisha ya alumini niliyoyakata kwa mkono wangu. Nyumba ambayo watu husimama kuitazama. Akaingia, akasema ahsante mwanangu, akaketi kitandani. Hakula. Nilimletea kuku, nikamletea sato wa kuchoma, akawa anadonoa. Akakonda, ile sauti ikapungua mpaka ukawa unainama kumsikia. Dawa nilinunua. Niliumia, kwa sababu nimefanya kila kitu ambacho mtu mwenye uwezo anafanya. Mpaka asubuhi moja nikamkuta anautazama ukuta wangu mweupe kama ng'ombe aliyesimama macho, nikajipiga paja.

Nilikwenda Kitaji na gari kubwa. Nikaleta benchi lake la mbao lenye mafuta ya miaka yote ile, nikaleta kinu, nikaleta mafiga ya uani na masizi yake, na la mwisho nikalibeba kifuani lile tangi lenye ufa, likiwa na tope lake chini, maji kidogo tu juu. Nikapanga vyote kwenye ile sebule ya vigae. Mke wangu akashika kichwa. Harufu ikatoka, ikajaa nyumba mpya yote. Shangazi akainuka mwenyewe, akaketi kwenye benchi, akaegemeza mkono kwenye kioo, akauliza kama kuna ugali.

Alikula nikimwangalia. Alipomaliza akajipangusa midomo, na akasema kwa sauti ambayo mbuzi wa jirani wangeisikia: "Unaona? Lile wazo lilikuwa langu."

Nikamwambia, "Ndiyo shangazi, lilikuwa lako." Nilimwachia, kwa sababu alikuwa amekula. Lakini wewe unayesoma, ukweli unaujua.